Kumtaja Mwenyewe si Kumwomba

Mswada wa diwani ya mashairi kwa ajili ya shule za sekondari unapofika mezani kwa mhariri, swali la kwanza si kama mashairi yamechaguliwa vizuri. Swali ni ruhusa ziko wapi. Mara nyingi mkusanyaji hana hata moja. Ana utangulizi mrefu, ana maswali ya mazoezi chini ya kila shairi, ana sherehe ya msamiati mgumu, na ana ukurasa mzima wa shukrani unaowataja watunzi wote kwa heshima na taadhima. Barua ya kukubaliwa kutumia kazi zao ndiyo hana. Ukimuuliza sababu, utapewa hoja zilezile unazoweza kuzisikia kwa mwalimu wa kwaya, kwa kijana anayetengeneza matangazo ya Instagram na kwa mtayarishaji wa filamu aliyebandika wimbo wa mtu chini ya picha zake. Baadhi ya hoja hizo ni za uvivu mtupu. Nyingine zina ukweli ndani yake, ila umepindishwa, na hizo ndizo zinazowaponza watu wengi.

Inayotangulia daima ni hii: "Nimemtaja jina."

Vyema, na ungefanya kosa jingine kama usingemtaja. Lakini hayo ni madeni mawili. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Tanzania ya mwaka 1999 zinampa mtunzi haki za namna mbili. Kuna haki za kiuchumi, yaani kuamua nani anakili kazi, nani anaitafsiri, nani anaiuza na kwa malipo gani. Halafu kuna haki za kimaadili: atambuliwe kuwa kazi ni yake, na kazi hiyo isikatwekatwe wala kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Anayetaja jina amelipa deni la pili, tena nusu yake tu, kwa sababu wakusanyaji wetu wana tabia ya kumtaja mtunzi kisha kumsahihisha. Huondoa beti mbili ili shairi litoshe ukurasa. Hugeuza Kimvita au Kiamu kuwa Kiswahili sanifu, kana kwamba mtunzi wa Lamu alikosea tahajia. Hayo nayo yanahitaji kuulizwa, na yanapaswa kuandikwa ndani ya barua ya maombi. Ama lile deni la kwanza, la kutumia mali ya mtu, jina haliligusi kabisa. Ndiyo maana yale maneno yanayowekwa chini ya video za YouTube, kwamba aliyeiweka hana nia ya kuvunja hakimiliki ya yeyote, hayamkingi. Kinyume chake, yanathibitisha kwamba alijua kazi ina mwenyewe.

"Ni kipande kidogo tu."

Hapa pana ukweli, na ndipo watu wanapopotea zaidi. Utasikia mtu akisema kwa uhakika kwamba maneno 300 hayahitaji ruhusa, au sekunde 30 za wimbo, au asilimia 10 ya kitabu. Sheria za Kenya na Tanzania hazina takwimu hizo. Baadhi ya wachapishaji wa nje hujiwekea viwango vya namna hiyo katika miongozo yao, na viwango hivyo vimesafiri mpaka huku vikavaa joho la sheria. Sheria yenyewe haiulizi tu umechukua kiasi gani. Inauliza umechukua kwa kazi gani. Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti wa kisayansi, kwa matumizi binafsi, kwa uhakiki na kwa kuripoti habari za wakati huo, mradi chanzo kitajwe. Tanzania inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kuchapishwa, kwa kiasi kinacholingana na kusudi la nukuu na desturi njema, na hapo pia chanzo na mwandishi lazima watajwe.

Kuhusu diwani za shule, Kenya imekwenda mbali zaidi. Mkusanyo wa kazi za fasihi au muziki uliokusudiwa kwa shule iliyosajiliwa au chuo kikuu unaweza kuwa na vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka katika kazi moja, kwa kutaja jina la kazi na la mwandishi. Wakusanyaji wakigundua kifungu hiki hushangilia, na ni haki yao kama wanachukua aya mbili za riwaya. Lakini tuangalie vizuri mezani. Wanachochukua ni mashairi. Shairi la beti saba, ukilinukuu lote, hujachukua kifungu kifupi cha kitabu cha mtu. Umechukua kazi nzima, yenye mwanzo na mwisho wake, ambayo kwa bahati tu ilikaa kwenye jalada moja na nyingine 80. Mtunzi wa tenzi ndefu anaweza kuibiwa ubeti asitikisike, ilhali mtunzi wa tarbia fupifupi anaibiwa kitabu kwa kuchukuliwa ukurasa. Kwa hiyo udogo wa kipande haupimwi kwa macho ya mchukuaji.

Kwa kuwa nimegusa suala la nukuu, niiseme na hoja ya upande wa pili, maana nayo inaudhi: "Usinukuu hata mstari mmoja bila barua." Siku hizi hii husemwa na wahariri wenyewe, wale waliowahi kuungua wakaanza kuogopa hata jivu. Mwandishi wa tahakiki ya riwaya ya Said Ahmed Mohamed hawezi kuichambua bila kuinukuu, na sheria inajua hivyo. Mhakiki anayeweka mistari minne mbele ya msomaji ili aioneshe ilivyosukwa hahitaji ruhusa ya mtu, na mchapishaji anayemlazimisha kwenda kuiomba anamfanyia ubaya. Anampa mwenye kazi uwezo wa kuzuia ukosoaji wa kazi yake, uwezo ambao sheria ilikataa makusudi kumpa. Ukiomba usichopaswa kuomba, ukanyimwa, utafanya nini? Kuna mambo ambayo kumtaja mwenyewe kunatosha. Nukuu ya kihakiki ni mojawapo.

"Mtunzi alishakufa."

Hii inataka hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Kenya na Tanzania zote zinailinda kazi ya fasihi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 50 ilitimia mwishoni mwa 2012, kwa hiyo kwa muda huo wa sheria mashairi na riwaya zake zimekuwa mali ya umma hapa kwetu tangu Januari 2013. Mkusanyaji anaweza kuyachukua mashairi yake bila kumwandikia yeyote. Nashangaa ni diwani ngapi bado zinamzunguka kwa woga huku zikijichukulia watunzi walio hai bila hata salamu.

Ila asiyafanye mambo mepesi kupita kiasi. Kilicho huru ni maneno ya Shaaban Robert. Utangulizi ulioongezwa na mhariri wa toleo la juzi, maelezo ya chini ya ukurasa na mchoro wa jalada havikufariki mwaka 1962. Na mwenye nia ya kuiuza diwani hiyo Uingereza asiende na hesabu ya Dar es Salaam, kwa sababu huko muda ni miaka 70, na baadhi ya vitabu vya mwandishi huyo vilitolewa kwanza na kampuni za Uingereza, kama Kusadikika, kilichochapishwa na Thomas Nelson mwaka 1951. Kitabu kinaweza kuwa huru Tanga na kisiwe huru London.

Mtego huohuo upo kwa wakongwe zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 na hakuna anayeweza kudai mrabaha kwa mashairi yake. Lakini kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz juu ya Muyaka, kilichotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka 1979, kina tafsiri za Kiingereza na maelezo ambayo ni jasho la Abdulaziz. Ukichukua shairi, umechukua cha Muyaka. Ukichukua na tafsiri, umeingia shamba la mtu mwingine. Mfano ulio wazi kuliko wote ni Mabepari wa Venisi. Shakespeare alikufa mwaka 1616. Mwalimu Nyerere, aliyeutafsiri mchezo huo na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1969, alifariki mwaka 1999, na tafsiri ni kazi yenye ulinzi wake. Anayetaka kuchapisha onyesho zima la Mabepari katika kitabu cha kiada atasubiri mpaka mwisho wa 2049, au ataomba.

Kwa mtunzi aliyefariki ndani ya miaka 50, hakimiliki hurithiwa kama nyumba na shamba. Ugumu wa kweli uko hapo, na simlaumu mkusanyaji anayeuogopa. Mtunzi ameacha wajane wawili, watoto tisa, mmoja yuko Muscat, mwingine Toronto, na kijana wa mwisho ndiye anayepokea simu. Kijana anasema, "Hamna shida, tumieni tu." Ana nia njema, lakini je, ana mamlaka? Anayetakiwa kutia sahihi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, iwe ya kawaida au ya kadhi. Asipokuwepo, mchapishaji mwangalifu hutafuta sahihi za warithi wote, au walau hati waliyomteulia mmoja wao kuwasemea. Familia nyingi hazikumbuki kuyaandika mashairi katika orodha ya mali za marehemu. Wanaorodhesha cherehani na baiskeli. Ombi la ruhusa ndilo huwa mara ya kwanza kwao kusikia kwamba daftari za baba zina thamani, na kuna nyakati barua hiyo huamsha ugomvi ambao mhariri hakuutaka. Hata hivyo, ugomvi huo ukiamka kabla ya kitabu kwenda mtamboni ni nafuu.

"Kampuni iliyochapisha kitabu ilishafungwa, kwa hiyo hakina mwenyewe."

Kampuni za vitabu za Afrika Mashariki hazifi kirahisi hivyo. Hubadili jina, hununuliwa, hugawanywa. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na upande wa Kenya ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Heinemann ya Kenya ikawa East African Educational Publishers mwaka 1992 chini ya Henry Chakava. Longman Kenya ikawa Longhorn katika miaka hiyohiyo ya 1990. Anayeomba ruhusa anahitaji kuijua nasaba hii kama mwanazuoni anavyojua isnadi. Zipo zilizokufa kweli, kama East African Publishing House, na hapo swali halifutiki bali hurudi nyuma hatua moja: mkataba ulisemaje? Katika mikataba mingi ya vitabu, kampuni ikifungwa au kitabu kikiacha kuchapwa kwa muda fulani, haki humrudia mwandishi. Tazama ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Ile alama ya hakimiliki ina jina la nani mbele yake, kampuni au mtunzi? Ikiwa ni mtunzi, huenda tangu mwanzo ulikuwa unabisha hodi mlango usio wake.

Kitabu kutopatikana madukani, nacho, hakibadilishi kitu. Muda wa ulinzi huhesabiwa kwa mwaka wa kifo cha mtunzi. Rafu ya duka la vitabu haimo katika hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye hoja inayopendwa kuliko zote, kwa sababu inavaa vazi la uzalendo: "Hizi ni nyimbo na hadithi za jadi, ni zetu sote. Hakimiliki ni sheria ya Wazungu."

Ni kweli kwamba sheria yenyewe ilikuja na mkoloni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ndiyo iliyosambazwa katika himaya yake. Lakini dhana ya kwamba utungo una mwenyewe haikushuka melini. Watunzi wa tenzi za pwani wamekuwa wakijitaja katika beti za mwisho karne kadhaa kabla ya hapo, jina, nasaba na mara nyingine mwaka, na wasomaji waliotuma mashairi kwenye gazeti la Mambo Leo tangu miaka ya 1920 walijitambulisha kwa majina yao au ya ushairi na mahali walipo. Anayedai kwamba Waswahili hawakujali nani katunga nini hajausoma utenzi mpaka tamati.

Na neno "jadi" limetumika kutupora sisi wenyewe kuliko lilivyotumika kutulinda. Mwaka 1939 jijini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi wimbo uitwao "Mbube" katika studio ya Gallo. Inaelezwa kwamba Linda aliambulia shilingi 10. Sahani ya santuri ikafika Marekani, na mapema katika miaka ya 1950 kundi la The Weavers likautoa wimbo huo kwa jina la "Wimoweh", ukichukuliwa kuwa wimbo wa mapokeo ya Kizulu. Mwaka 1961 The Tokens wakauimba kwa maneno ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", ukaenea dunia nzima. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini huko Soweto. Mwaka 1994 wimbo ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King. Pesa zilikuwa zikimiminika kwa watu wengi, na kwa miaka mingi hoja iliyowaridhisha waliozipokea ilikuwa hiyohiyo ya mkusanyaji wetu: wimbo wa Kiafrika, wa zamani, wa wote.

Kilichowarudishia mabinti wa Linda chochote ni kifungu kimoja katika ile sheria ya kikoloni ya 1911. Kilisema kwamba haki alizoziuza mtunzi wakati wa uhai wake hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda hiyo ilikuwa mwaka 1987. Baada ya mwandishi Rian Malan kuifuatilia njia ya fedha hizo katika jarida la Rolling Stone mwaka 2000, kesi dhidi ya Disney ikafunguliwa Afrika Kusini mwaka 2004, na mwaka 2006 pande zikapatana. Familia ilipwe mrabaha wa nyuma na unaokuja, na Linda atambuliwe kuwa mmoja wa watunzi. Sheria ya Wazungu, basi, ndiyo iliyokwenda Soweto kugonga mlango, wakati uzalendo wa "ni wetu sote" ulikuwa ukimlisha mtu mwingine California.

Kwa yaliyo ya jadi kweli, ngano, vitendawili, ngoma za jando, mambo nayo si holela kama inavyodhaniwa. Nchini Tanzania, anayetaka kutumia sanaa za jadi nje ya mazingira yake ya asili kwa lengo la kujipatia faida anatakiwa kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayozipa jamii zenyewe haki juu yake. Tena kuna tofauti kati ya ngano na mtu aliyeisimulia. Hadithi ya Sungura na Fisi haina mtunzi, lakini namna mwandishi fulani alivyoiandika upya, kwa mazungumzo na vichekesho vyake, ni yake. Mwenye kuitaka ngano ya Sungura na amtafute bibi, amsikilize, aandike kwa maneno yake.

Kisha kuna nyimbo ambazo mtunzi wake anabishaniwa. "Malaika" Fadhili William aliirekodi, Miriam Makeba akaipeleka mbali, Boney M nao wakaiimba, na hadi leo wapo wanaosema mtunzi wa kweli ni mwingine, akitajwa zaidi Adam Salim. Ubishi wa namna hiyo hauufanyi wimbo kuwa yatima. Unachomfanyia mwombaji ni kumwongezea watu wa kuuliza.

"Nimeikuta mtandaoni." Jibu ni fupi: hata gari umelikuta barabarani. Lakini kuna kazi ambazo wenyewe wametangulia kuziruhusu kwa masharti, na ni vizuri kuzifahamu. Matini ya Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, iko chini ya leseni ya Creative Commons inayokubali hata biashara, kwa sharti la kutaja chanzo na kuitoa kazi utakayozalisha kwa leseni ileile. Leseni nyingine za jamii hiyo hukataza biashara au mabadiliko, kwa hiyo herufi zake zisomwe moja moja. Kwa picha, kumbuka kwamba unaweza kudaiwa na watu wawili: mwenye hakimiliki na aliye ndani ya picha. Mwenye hakimiliki si mpiga picha kila mara, maana Kenya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Na aliye pichani analindwa na sheria nyingine kabisa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza sehemu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Ruhusa ya mpiga picha isingewaokoa.

"Hatuuzi, ni ya kanisa." Nia ni nzuri, na mara nyingi itakupunguzia ada au kukufutia kabisa, ukiomba. Haikupi ruhusa peke yake. "Hoteli yetu inalipia leseni ya muziki kila mwaka." Leseni hiyo ni ya kupiga muziki wageni wakisikia. Kuuweka wimbo huohuo kwenye tangazo la hoteli ni haki nyingine, ya kuunganisha sauti na picha, na huombwa kwa mtunzi au mchapishaji wa muziki na kwa mwenye rekodi pia.

"Niliandika, hakujibu."

Ukimya si ndiyo. Hata hivyo sheria si ngumu kama watu wanavyodhani. Nchini Kenya, kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee lazima kuandikwe na kutiwa sahihi, lakini leseni isiyo ya kipekee, ambayo ndiyo anayohitaji mkusanyaji wa diwani, inaweza kuwa ya mdomo au hata kueleweka kutokana na mwenendo wa mwenye kazi. Mtunzi aliyekutumia shairi kwa WhatsApp akaandika "tumia, ila jina langu liandikwe kamili" amekuruhusu. Hifadhi ujumbe huo na uuchape. Ila angalia alichokujibu ni swali gani. Kama ulimuuliza tu "naweza kutumia shairi lako?", hamjakubaliana chochote juu ya nakala ngapi, nchi zipi, kitabu cha sauti, toleo la pili. Kutojibiwa nako mara nyingi kuna sababu yake katika barua yenyewe. Barua nyingi za maombi nilizoziona zina aya tatu za kujitambulisha na mstari mmoja wa ombi. Mwenye kazi anashindwa kujua akubali nini.

Barua inayojibiwa husema: shairi hili, kutoka toleo hili, ukurasa huu, kuanzia mstari huu hadi huu, bila kubadilisha neno. Litaingia katika kitabu chenye jina hili, kwa wanafunzi wa kidato hiki, nakala hizi, kwa Kiswahili, kuuzwa Kenya na Tanzania, kwa karatasi na kwa kielektroniki, kwa muda huu. Tutakutaja hivi. Tunapendekeza ada hii ya mara moja na nakala mbili za kitabu. Chini kuna nafasi ya sahihi, ili asiye na muda wa kuandika atie sahihi tu na kurudisha. Na mwombaji aulize pia jambo linalosahaulika daima: kama haki hii si yako, tafadhali niambie ni ya nani.

Kama baada ya hayo mwenyewe haonekani, Uingereza tangu mwaka 2014 ina utaratibu wa serikali wa kutoa leseni kwa kazi ambazo wenyewe hawapatikani, baada ya mwombaji kuthibitisha kwamba amewatafuta kwa bidii. Mchapishaji wa huku hubaki na uamuzi wake: kuliacha shairi, au kuchapa huku akiwa na jalada la barua zote, akitenga ada pembeni na kuweka tangazo kitabuni la kumwita mwenyewe. Tangazo hilo halimpi kinga. Linaonesha tu kwamba alijaribu, na mimi nikiwa mhariri ningeliacha shairi.

Inabaki ile ya ujasiri: "Tuchapishe kwanza, akija tutamlipa." Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2, baada ya nyimbo zao mbili kutumiwa kuwa miito ya simu bila idhini yao. Mambo yakaenda rufaa, kama yaendavyo kwenye pesa nyingi. Sidhani wasanii wale wangetaja kiasi cha namna hiyo kama wangefuatwa kabla. (MwanaFA, kwa jina lake Hamis Mwinjuma, mwaka 2023 aliteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara inayosimamia ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Waliozoea kuchukua kwanza na wajue hilo.)

Diwani ya shule haifiki bilioni, lakini mantiki ni ileile. Mswada ukiwa bado mezani, mtunzi akitaja ada isiyowezekana, mkusanyaji anaondoa kurasa mbili na kutafuta shairi jingine, kazi ya mchana mmoja. Kitabu kikishapigwa chapa na kusambazwa Voi, Kisumu na Garissa, shairi hilohilo haliwezi tena kutolewa peke yake. Linatoka na kitabu kizima, pamoja na watunzi wengine wote walioomba kwa adabu na kulipwa.